Mwanga Unaotoka Chini

Mtu akiiona hadubini kwa mara ya kwanza huuliza: inakuza mara ngapi? Jibu lake ni jepesi. Lenzi ya jicho imeandikwa 10. Lenzi ya kitu, ile ya chini inayokikaribia kinachotazamwa, imeandikwa 4, 10, 40 au 100. Zidisha, upate 40, 100, 400 au 1,000. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hulijibu bila kusita na kupewa alama zake. Lakini kadiri ninavyokitafakari chombo hiki ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo linatupotosha. Kukuza ni kazi ndogo. Kazi iliyowashinda mafundi wa vioo kwa vizazi ni kuvifanya vitu viwili vilivyokaribiana vionekane kuwa viwili.

Fikiria basi linalokuja usiku kwenye barabara iliyonyooka. Likiwa mbali, taa zake mbili ni nuru moja. Likisogea, zinaachana. Ungeipiga picha ile nuru ya mbali na kuitanua ijae ukuta mzima, usingepata taa mbili. Ungepata doa kubwa la nuru. Ndivyo ilivyo kwa hadubini mbovu: inakupa doa kubwa. Kwa hiyo sehemu zake nitazieleza kwa kufuata njia ya mwanga, kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu kitu kikionekana, mwanga ndio umekionyesha. Na sehemu zinazoushughulikia mwanga ndizo tunazozipita haraka zaidi kwenye michoro ya ubaoni.

Historia inaliunga mkono jambo hili. Mwaka 1665 Robert Hooke alichapisha kitabu chake Micrographia jijini London, chenye michoro ya kiroboto, ya ukungu na ya vijumba vya ganda la mti aliloliona kwa hadubini ya lenzi zaidi ya moja. Lakini aliyewaona bakteria kwanza ni Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyewaeleza katika barua yake ya mwaka 1676. Chombo chake kilikuwa na lenzi moja tu, ndogo mno, iliyobanwa kati ya vibati viwili, na ile bora iliyosalia hadi leo hukuza mara 270 hivi. Hadubini za lenzi nyingi za zama zake zilizidisha ukubwa na zilizidisha kasoro pia: kila kitu kilivikwa ukingo wa rangi za upinde wa mvua, kwa kuwa kioo huupinda mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu. Fundi mwenye lenzi moja alimshinda mwenye lenzi mbili. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1830, Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo wa London aliyependa vioo, alipoonyesha namna ya kuzipanga lenzi kwa masafa maalumu ili kasoro ya moja ifutwe na nyingine. Tangu hapo ndipo hadubini ya lenzi nyingi ilipoanza kustahili kuaminiwa.

Kitako na mkono sitakaa navyo sana. Kitako ni kizito ili chombo kisiyumbe. Mkono ni wa kuishikia hadubini unapoibeba, na kiganja cha pili kikiwa kimekinga kitako kwa chini. Juu ya kitako kuna taa, au kioo cha kuakisi kwa hadubini za zamani, na hicho kioo kinahitaji maneno machache. Kina nyuso mbili, moja bapa na nyingine iliyobonyea. Iliyobonyea huukusanya mwanga yenyewe, kwa hiyo hutumika pale ambapo hakuna kondensa, ambayo nitaieleza hivi punde. Hadubini yenye kondensa hutaka uso bapa. Katika vituo vya afya ambako umeme haujafika au hukatika mara kwa mara, kioo hiki na dirisha vimegundua magonjwa kwa miaka mingi. Anayekitumia hukielekeza kwenye anga jeupe, kamwe si kwenye jua lenyewe, maana jua lililokusanywa na vioo linaweza kuliharibu jicho.

Juu ya taa, chini ya jukwaa, ndipo ilipo sehemu ninayoithamini kuliko zote: kondensa na diaframu yake. Kondensa ni lenzi zinazoukusanya mwanga na kuusukuma juu kwa umbo la koni, ncha yake ikikutana na kitu kilicho kwenye slaidi. Diaframu ni vibati vyembamba vinavyofumba na kufumbua tundu ambamo mwanga unapita. Katika michoro ya shule, maelezo yake huwa mstari mmoja: "hurekebisha kiasi cha mwanga." Maelezo hayo yana upungufu mkubwa. Kiasi cha mwanga unaweza kukirekebisha kwa swichi ya taa. Diaframu hurekebisha upana wa koni, na upana wa koni ndio unaoamua utaona nini.

Chukua mgonjwa wa kichocho kutoka Pemba, aliyeleta mkojo maabara. Yai la kichocho cha mkojo ni kubwa, lina urefu wa takribani mikromita 150, yaani kama sehemu moja ya saba ya milimita, na lina mwiba mwishoni. Halijapakwa rangi, linaelea kwenye maji likiwa karibu angavu kama maji yenyewe. Ukifungua diaframu yote na kuipandisha kondensa, mwanga unalimeza. Ukiifunga kiasi, kingo zinajitokeza, na mwiba unauona. Sasa ondoa slaidi hiyo, weka ya damu iliyopakwa rangi, zungusha lenzi ya 100 mahali pake: hapa kondensa lazima ipande karibu iguse jukwaa na diaframu ifunguke, kwa sababu unachotafuta ni kidogo mno na kinahitaji koni pana. Hadubini ni ileile, mezani palepale, na mikono ileile. Asiyeijua diaframu atayakosa mayai asubuhi na vimelea vya malaria mchana, na atasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba hakuona kitu.

Aliyetuonyesha kwa nini koni pana inahitajika ni Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, Ujerumani, aliyefanya kazi na mtengenezaji wa hadubini Carl Zeiss. Mwaka 1873 alieleza kwamba udogo wa kinachoonekana una mpaka, na mpaka huo unategemea mambo mawili: urefu wa wimbi la mwanga, na upana wa koni ambayo lenzi inaweza kuipokea. Kwa mwanga tunaouona, mpaka ni takribani mikromita 0.2, yaani sehemu moja ya elfu tano ya milimita. Vitu vilivyokaribiana kuliko hapo vitaungana kuwa kimoja, hata ungeongeza lenzi juu ya lenzi. Kirusi cha UKIMWI, chenye kipenyo cha takribani mikromita 0.1, kiko ng'ambo ya mpaka. Kimelea cha malaria kiko upande wetu. Bakteria wa kifua kikuu naye yuko upande wetu, lakini kwa shida: ana urefu wa mikromita 2 hadi 4, ila wembamba wake unakaribia mpaka wenyewe. Mjini Jena kanuni ya Abbe imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu yake, na naona ni heshima iliyostahili, maana ni jambo kubwa mtu kuwaambia wenzake wazi wapi macho yao yatakoma.

Tarehe 24 Machi 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza Berlin kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu. Alikuwa na rangi iliyomshika bakteria huyo, na alikuwa na kondensa ya Abbe pamoja na lenzi ya mafuta, nitakayoifikia mbele. Wengi waliwahi kuitazama nyama ya mapafu yaliyoharibika. Hawakuwa na mwanga wa kutosha wala rangi.

Koch huyohuyo alifika kwetu. Alifanya utafiti wa malaria Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898. Alirudi miaka ya 1904 na 1905 akachunguza homa ya papasi kwenye njia za misafara, na hadubini yake ikawaonyesha bakteria waliojisokota ndani ya papasi na hata ndani ya mayai yake. Kisha miaka ya 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, katika janga la ugonjwa wa malale. Huko aliwadunga wagonjwa dawa yenye aseniki, atoksili, na kupima damu yao. Kwenye slaidi vimelea vilipungua na kutoweka. Nje ya slaidi, baadhi ya wagonjwa walipofuka kwa sababu ya dawa hiyo. Siwezi kuandika juu ya chombo cha kuonea nikaliruka hilo. Vitabu vinamsimulia Koch. Wale waliopoteza macho huko Sese wanatajwa kwa hesabu tu, na nadhani kila anayefundisha habari za Koch darasani Afrika Mashariki angepaswa kuwataja pamoja naye.

Turudi kwenye jukwaa. Ni kibati chenye tundu katikati, ambapo slaidi hulazwa na kubanwa kwa klipu, na skrubu mbili za pembeni huisogeza mbele, nyuma, kulia na kushoto. Picha unayoiona imepinduka, kwa hiyo ukiisogeza slaidi kulia picha inakimbilia kushoto, na mgeni huhangaika kidogo mpaka mkono uzoee. Kinacholala juu ya jukwaa ndicho kisa chote. Kwa malaria, damu ya kidole huwekwa kwa namna mbili: tone nene na utando mwembamba. Utando mwembamba huimarishwa kwa methanoli ili seli zibaki na maumbo yake. Tone nene haligusishwi methanoli, na kwa hiyo maji ya rangi huzipasua seli nyekundu na kuzifuta, vikabaki vimelea na viini vya seli nyeupe. Rangi yenyewe ina jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyeitangaza mwaka 1904, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kiini cha kimelea hushika wekundu, mwili wake hushika ubuluu, na mara nyingi hujikunja kuwa pete ndogo ndani ya seli isiyozidi mikromita 8. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekiona kimelea cha malaria kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1880 huko Constantine, Algeria, hakuwa na rangi hiyo. Aliviona vimelea vikichezacheza ndani ya damu mbichi ya askari, na wengi walichukua miaka kumwamini.

Kati ya slaidi na lenzi ya 100 huwekwa tone la mafuta. Watu wengi hudhani ni ya kulainisha, kioo kisikwaruze kioo. Kazi yake ni ya mwanga tena. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda, na miale ya pembeni, ile ile inayobeba undani, hukosa mlango wa lenzi ikapotea. Mafuta haya huupitisha mwanga karibu sawa na kioo, hivyo miale huvuka moja kwa moja kana kwamba hapakuwa na pengo. Lenzi ya 100 bila mafuta ni ukungu mtupu. Na mafuta yakiifikia ya 40 kwa bahati mbaya, lenzi hiyo haitaona vizuri mpaka isafishwe, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili yake. Ndiyo maana mafundi wazuri hufuta mafuta kwa karatasi laini ya lenzi kila siku ya kazi inapokwisha, na hukasirika wakikuta mtu ametumia kanzu yake.

Lenzi za kitu zimepangwa kwenye kizungushio, zikiingia mahali pake kwa mlio mdogo. Ile iliyo mahali pake huunda taswira kubwa iliyopinduka ndani ya bomba. Lenzi ya jicho huitazama taswira hiyo na kuikuza tena. Sina mengi juu ya lenzi ya jicho. Haiongezi undani wowote ambao lenzi ya kitu haikuuleta. Hata ikiwa na dosari, kazi inaweza kufanyika: Ronald Ross, aliyegundua vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu tarehe 20 Agosti 1897 huko Secunderabad, India, aliandika baadaye kwamba skrubu za hadubini yake zilikuwa zimeota kutu kwa jasho la uso na mikono yake, na kwamba lenzi ya jicho iliyombakia ilikuwa na ufa. Joto lilikuwa kali, na hakuweza kutumia pangaboi la kuvutwa kwa kamba kwa sababu upepo wake ungewapeperusha mbu aliokuwa akiwapasua.

Zimebaki skrubu mbili za pembeni mwa mkono. Kubwa husogeza kwa kasi, na ni ya kuanzia tu, kwa lenzi ndogo. Ukiizungusha huku lenzi ya 100 iko chini unaweza kuivunja slaidi na kuikwaruza lenzi yenye thamani kuliko sehemu nyingine zote. Ndogo husogeza kwa mikromita chache. Kwenye michoro imeandikwa kwamba ni ya "kuiweka picha sawa", kana kwamba ukishaiweka unaiacha. Mtazame mtu anayesoma slaidi kweli kweli: vidole vyake haviachi skrubu ndogo hata mara moja. Kwa ukuzaji wa mara 1,000, kina kinachoonekana safi hakifiki hata mikromita moja, wakati tone nene la damu lina kina zaidi ya hapo. Anashuka na kupanda ndani ya damu, tabaka kwa tabaka, na akilini mwake anaziunganisha tabaka hizo kuwa kitu kimoja. Kuona huku kunafanywa na mkono pia.

Naye huyo mtu haonekani kwenye mchoro wowote. Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, anatakiwa atazame angalau maeneo 100 ya tone nene. Akiviona, anavihesabu sambamba na seli nyeupe 200, ili daktari ajue damu imebeba mzigo gani. Kwa makohozi ya kifua kikuu pia ni maeneo 100 kabla ya kusema hamna, na miongozo inasisitiza kwamba slaidi za makohozi kwa mtu mmoja zisizidi takribani 25 kwa siku, maana jicho lililochoka huona utupu. Mgonjwa aliyeko kwenye benchi nje hajui hayo. Anajua majibu yanachelewa.

Tanzania ina sababu maalumu ya kumheshimu msomaji huyo wa slaidi. Mwaka 1977 nchi ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia aliyeugua kifua kikuu mwenyewe baada ya kufungwa katika kambi ya Wanazi. Hakutaka kujenga hospitali kubwa zenye mashine za eksirei. Alitaka hadubini ya kawaida katika kila wilaya, mtu aliyefundishwa kuitumia, rejista iliyojazwa vizuri, na dawa zisizokatika. Matokeo yake yalilishawishi Shirika la Afya Duniani, nalo katikati ya miaka ya 1990 likausambaza mpango wa aina hiyo duniani kote. Mafundi sanifu wa maabara za wilaya za Tanzania, wakiwa na taa, kondensa na tone la mafuta, walisaidia kuthibitisha njia iliyotumika kutoka Asia hadi Amerika Kusini.

Chombo hiki kina mipaka, na wanaokipenda wanapaswa kuisema. Makohozi yakiwa na bakteria chini ya takribani 5,000 hadi 10,000 kwa mililita, hadubini kwa kawaida huwakosa, na watoto na watu wanaoishi na VVU mara nyingi wako chini ya kiwango hicho. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku waliofundishwa hunusa makohozi ambayo hadubini ilikwisha kuyapita, na hugundua wagonjwa waliosahaulika. Kinachonuswa na kutiliwa shaka hurudi maabara kuthibitishwa. Vipimo vya haraka vya malaria navyo vimeipunguzia hadubini foleni, na ni jambo jema. Lakini kipimo cha aina iliyozoeleka kinaweza kusema "ndiyo" wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu protini kinayoitafuta hukawia ndani ya damu, na hakiwezi kuhesabu. Anayetaka kujua kama dawa inafanya kazi leo bado anatengeneza slaidi.

Kuna adui mwingine asiyezungumzwa: kuvu. Kwenye hewa yenye unyevu ya pwani na visiwani, kuvu huota juu ya lenzi zenyewe, huchora nyuzi kwenye kioo, na mara nyingine hukiacha na makovu yasiyofutika. Dawa yake ni rahisi: sanduku lenye balbu ndogo inayowaka ndani, au vifuko vya kukausha unyevu vinavyobadilishwa. Hadubini iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, ikawekwa kabatini "isiharibike", ndiyo inayoharibika upesi.

Hapo ndipo ninapotaka kusema na walimu wakuu. Zipo shule ambazo hadubini imo ndani ya kabati na ufunguo umo mfukoni mwa mtu mmoja, huku wanafunzi wakikariri majina ya sehemu zake kutoka ubaoni. Itoeni. Wekeni tone la maji ya dimbwi kwenye slaidi, na mwacheni kila mwanafunzi aifunge na kuifungua diaframu kwa mkono wake mwenyewe mpaka aone tofauti. Hadubini moja kwa darasa la watoto 50 ni zamu ya dakika mbili tatu kwa kila mmoja. Wapeni dakika hizo.